Ziara ya Ujana wa Viongozi: Siku Mbili Kutoka Kisumu Hadi Rusinga

Kwenye kuta za maduka ya vitabu na maktaba mjini Kisumu pamebandikwa bango dogo lenye swali moja: "Walipokuwa na umri wako, walikuwa wapi?" Chini yake ipo nambari ya simu na orodha fupi ya mahali: Maseno, Bondo, Luanda K'Otieno, Rusinga. Bango hilo ni la vijana watatu, wawili wao wahitimu wa historia na mmoja dereva, ambao wanaendesha ziara ya siku mbili kwa matatu ya kukodi na ambao bado hawajaipa huduma yao jina lolote. Niliwachukua wapwa wangu, mmoja amemaliza kidato cha nne na mwingine yuko kidato cha pili, tukajiunga na kundi la watu kumi na mmoja. Nimefundisha somo la historia kwa miaka mingi, kwa hiyo niliingia garini nikiwa na maswali yangu tayari, na ninaandika haya kwa sababu naamini huduma hii inastahili kujulikana, na pia inastahili kuambiwa wazi pale inapopungua.

Malipo ni shilingi 7,500 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mwanafunzi. Kiasi hicho kinagharamia gari, nauli ya feri, ada za kuingia makavazini na kitanda cha usiku mmoja Bondo, lakini si chakula. Ukilinganisha na gharama ya kujipangia safari hiyo mwenyewe na kulipa kila kitu peke yako, bei ni ya haki. Gari lilikuwa safi, lilikuwa na mikanda ya usalama katika kila kiti, na dereva hakukimbia hata mara moja, jambo ambalo wanaosafiri barabara za huku watalithamini.

Kinachotofautisha ziara hii na nyingine nyingi ni msimamo wake kuhusu namna ya kusimulia ujana wa mtu mashuhuri. Sisi tuliosoma historia shuleni tumezoea masimulizi yanayomfanya shujaa kuwa shujaa tangu utotoni: alikuwa mwerevu kuliko wenzake, alichukia dhuluma akiwa bado anachunga mbuzi, wazee walimtazama wakajua atakuwa mtu mkubwa. Masimulizi ya aina hiyo hayamsaidii kijana hata kidogo, kwa sababu kijana anayeyasikia hujitazama, asione dalili yoyote ya utukufu, akahitimisha kwamba mambo makubwa ni ya watu wa aina nyingine. Kiongozi wetu wa ziara, kijana wa Asembo mwenye sauti ya upole na kumbukumbu ya ajabu, alituambia mapema, kabla hata hatujafika Kisian, kwamba katika siku hizo mbili hatasema kamwe kuwa fulani "alizaliwa kiongozi", na kwamba akijisahau tumkatize. Hakujisahau.

Kituo cha kwanza ni Maseno, pale barabara inapovuka mstari wa ikweta. Wengi hushuka hapo kupiga picha kwenye alama ya ikweta na kuendelea na safari, lakini kundi letu lilipelekwa hadi karibu na lango la shule, tukasimama chini ya miti na kusimuliwa habari za shule hiyo iliyoanzishwa mwaka 1906 na wamishonari wa Kanisa la Kianglikana chini ya J. J. Willis. Nilidhani tutaanza na majina makubwa, kumbe tulianza na watu wasiojulikana kwa majina. Mwaka 1908, miaka miwili tu baada ya shule kufunguliwa, wanafunzi waligoma: walikuwa wamechoka kufanyishwa kazi za mikono, walitaka kufundishwa kusoma na kuandika. Kiongozi alilikalia jambo hilo kwa muda mrefu, na ninamuunga mkono kabisa. Kabla ya kijana yeyote wa Maseno kuwa waziri au profesa, walikuwapo vijana ambao historia haikuwahifadhi mmoja mmoja, na ndio waliolazimisha shule iwe shule.

Kisha ndipo akaja Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyesoma Maranda na baadaye Maseno, akafundishwa na Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa shule hiyo kabla ya kuhamia shule ya Alliance. Odinga alipitia Alliance na Makerere, akarudi Maseno akiwa mwalimu. Kiongozi alitaja pia Barack Obama mkubwa, baba yake rais wa 44 wa Marekani, ambaye aliondoka Maseno bila kumaliza masomo, akafanya kazi ya ukarani Nairobi, akasoma kwa njia ya posta akisaidiwa na wanawake Wamarekani waliokuwa wakiendesha kazi ya kufundisha watu kusoma, na mwaka 1959 akaondoka kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Habari hiyo ilielezwa kwa heshima, bila kumpamba wala kumsuta. Mpwa wangu mdogo, ambaye hapendi kuuliza maswali mbele ya watu, aliuliza ni masomo gani mtu anaweza kuyasoma kwa posta na aliyasomea saa ngapi kama mchana alikuwa kazini. Alijibiwa kwa kirefu, kama vile swali hilo lilikuwa la maana, na kwa kweli lilikuwa la maana.

Bondo, kwenye makavazi ya Kang'o ka Jaramogi ambako Odinga amezikwa, sitakaa sana, kwa sababu ziara yenyewe pale ni fupi na imepangwa vizuri. Kilichonigusa ni habari ya majina. Odinga alibatizwa kwa majina ya Biblia, Obadiah Adonijah, lakini alipokuwa mtu mzima aliyaacha, na alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika kanisa lilikataa. Kiongozi aliwauliza vijana wa kundi letu wangefanya nini kama ajira yao ya ualimu ingekuwa mikononi mwa kanisa hilo hilo. Walibishana hadi jua likaanza kuchwea, na watu wazima tukakaa kimya tukiwasikiliza.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya kawaida: vitanda vizuri, vyandarua vizima, maji ya moto kwa saa chache. Chakula cha jioni kila mtu alijitafutia.

Asubuhi ya siku ya pili ndiyo sehemu iliyopangwa kwa akili zaidi. Badala ya kurudi Kisumu na kuzunguka ghuba yote kwa barabara, gari lilituteremsha Luanda K'Otieno, tukavuka kwa feri hadi Mbita. Walioketi upande wa kushoto waliona milima ya Gembe ikikaribia polepole. Kutoka Mbita tulipita daraja linaloiunganisha nchi kavu na kisiwa cha Rusinga, lililochukua nafasi ya tuta la zamani lililokuwa likiziba mkondo wa maji kati ya pande hizo mbili. Kiongozi alitaja kwa ufupi kwamba Rusinga inajulikana pia kwa fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata kisiwani humo mwaka 1948, lakini hakuturuhusu kuchepuka. Alisema siku ile ilikuwa ya kijana mmoja tu.

Kijana huyo ni Tom Mboya, aliyekuja kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na waziri, na ziara hii ingekuwa na thamani ya pesa zake hata kama isingekuwa na kitu kingine chochote isipokuwa saa mbili zile za Kasawanga, mahali alipozikwa kisiwani humo. Wanaopajua mahali pale wanajua shida iliyopo. Jumba la kumbukumbu lililojengwa juu ya kaburi lake lina umbo la risasi, kwa kuwa aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Mgeni anapofika, jicho lake linaliona umbo hilo, na kuanzia hapo maswali yote huwa ni ya kifo: nani alimuua, nani alimtuma, kwa nini. Ni maswali ya haki na yataendelea kuulizwa, lakini yana nguvu ya kumeza maisha yote yaliyotangulia. Kiongozi wetu alilijua hilo. Alitusimamisha nje, tukaupa ukuta mgongo na kutazama ziwa, akaokota kijiti na kuchora mstari mrefu mavumbini, kisha akaweka kokoto tano juu ya mstari huo.

Kokoto ya kwanza ilikuwa Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Baadhi ya wenzetu walishangaa, kwa sababu walidhani alizaliwa Rusinga. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la mlowezi, na mtoto huyu wa wazazi wa Rusinga alikua akisikia lugha za watu wa kila pande waliokuja kutafuta kazi. Kokoto ya pili ilikuwa Kabaa, shule ya misheni upande wa Machakos, ambako alipelekwa akiwa bado mdogo. Ya tatu ilikuwa Yala, shule ya St. Mary's, kuanzia mwaka 1942. Ya nne ilikuwa shule ya Mang'u, mwaka 1946. Hapo kiongozi alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba Mboya aliondoka Mang'u mwaka 1947, wala si kwa sababu alishindwa na masomo. Familia haikuweza kumlipia karo yeye na wakati huo huo kuwasomesha wadogo zake.

"Mwalimu, kwa hivyo alikosa karo kama sisi?" Ndivyo alivyouliza mpwa wangu mkubwa, ambaye mwaka huu ana matokeo mazuri mkononi lakini bado hana chuo.

Kiongozi akamjibu: "Alikosa. Na siku aliyofunga sanduku lake pale Mang'u hakujua kwamba baada ya miaka kumi angeingia Baraza la Kutunga Sheria. Wewe unajua. Yeye hakujua."

Sijasikia maelezo bora zaidi kuhusu maana ya kusoma ujana wa watu wa kale, na nimeyarudia tayari mbele ya wanafunzi wangu.

Kokoto ya tano ilikuwa Kabete, shule ya Jeanes, ambako kuanzia mwaka 1948 alisomea kazi ya ukaguzi wa afya. Hakuichagua kazi hiyo kwa wito wa moyo. Aliichagua kwa kuwa ilikuwa njia ya kuendelea kujifunza bila kuielemea familia. Huko wanafunzi wenzake walimchagua awe rais wa baraza lao, na hapo ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza kile kipaji cha kuzungumza na kupatanisha ambacho baadaye kilijulikana dunia nzima. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kiongozi alitusimulia kisa ambacho Mboya mwenyewe alikieleza baadaye: alikuwa peke yake katika maabara akipima sampuli za maziwa, mwanamke Mzungu akaingia na chupa yake, akatazama huku na huku, akauliza kama hapo hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja hivi, na mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu moja kati ya tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu kwa kazi ile ile.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kwa kasi, na kiongozi aliyaeleza kwa kasi vilevile. Chama cha watumishi Waafrika wa jiji, kisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa mwaka 1952, kisha ukatibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi la nchi nzima mwaka 1953, wakati ambapo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, hivi kwamba vyama vya wafanyakazi vilibaki kuwa karibu jukwaa pekee lililoachwa wazi. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma, Mboya akawatetea mpaka wakapata nyongeza ya mshahara ya asilimia 33. Alikwenda Ruskin College, Oxford, akasoma mwaka mmoja, akarudi, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiwa na umri wa miaka 26. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra, na alikuwa na umri wa miaka 28. Baada ya kusema hayo ndipo kiongozi alipotugeuza, tukaingia ndani ya jumba, tukaziona picha na vitu vyake tukiwa tunamjua yule mtu. Watoto hawakukimbilia kuuliza habari za muuaji. Waliitafuta picha ya ujana wake.

Kilichofuata kilinifurahisha kwa sababu kiliwafungulia mlango watu wasiotoka huku. Ndani ya kundi letu walikuwamo mama na binti yake kutoka Nakuru. Kiongozi alipoeleza habari za ndege ya wanafunzi 81 walioondoka Septemba 1959 kwenda kusoma Marekani kwa jitihada za Mboya na marafiki zake wa huko, na jinsi mpango ule ulivyoendelea hadi karibu wanafunzi 800 wakafaidika, alimgeukia yule binti na kumweleza kwamba mmoja wa walioondoka mwaka 1960 alipitisha sehemu ya utoto wake katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa na ajira. Huyo ni Wangari Maathai, mwanamazingira aliyekuja kushinda Tuzo ya Amani ya Nobel, ambaye baadaye alirudishwa Nyeri ili aanze shule, akasoma kwa bidii, akapata nafasi ile na kwenda Kansas. Watoto wawili wa wafanyakazi wa mashamba ya walowezi, mmoja wa mkonge na mmoja wa Bonde la Ufa, wakakutana katika historia kwa njia ya tiketi ya ndege. Mama yule wa Nakuru alisema hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, na aliandika jina la shamba la kutafuta akirudi.

Sasa nieleze mapungufu, na nayaeleza kwa sababu ninaitakia huduma hii mema.

La kwanza ni Yala. Kama nilivyosema, Mboya alisoma St. Mary's kabla ya kwenda Mang'u, na mji wa Yala uko mbele kidogo tu ya Maseno ukifuata barabara ya Busia. Gari letu liliishia Maseno kisha likaelekea Bondo. Kwa hiyo kokoto ya tatu, ile ambayo tungeweza kuifikia kwa miguu yetu wenyewe, ilibaki kokoto. Niliuliza sababu, nikajibiwa kuwa ni muda. Jibu hilo halikuniridhisha, kwa maana tulipoteza saa nzima asubuhi ile tukimsubiri abiria mmoja aliyechelewa kutoka mjini. Saa hiyo ingetosha kwenda Yala na kurudi. Waandaaji waweke saa ya kuondoka na waiheshimu.

La pili ni zito zaidi. Ukiondoa dakika zile chache za Wangari Maathai, ambazo zilikuja kwa sababu tu kulikuwa na binti wa Nakuru garini, ziara nzima ni ya wavulana. Hili haliwezi kutetewa katika eneo hili. Grace Ogot alizaliwa Asembo mwaka 1930, mwaka ule ule aliozaliwa Mboya, na kiongozi wetu mwenyewe ni mtu wa Asembo. Alilelewa akisikia ngano za bibi yake, akasoma Ng'iya na Butere, akasomea uuguzi Uganda na kisha Uingereza, akafanya kazi katika hospitali ya Maseno, na mwaka 1966 riwaya yake ikachapishwa na kumweka miongoni mwa waandishi wa kwanza wanawake wa Afrika Mashariki. Ng'iya iko Siaya, katika kaunti ile ile tuliyoizunguka. Na mjini Kisumu penyewe, mahali safari inapoanzia, Grace Onyango alikuwa mwalimu kabla ya kuwa meya mwaka 1965 na mbunge mwaka 1969, mwanamke wa kwanza nchini kuchaguliwa kuingia bungeni. Wasichana wanne katika kundi letu walitoka nyumbani wakiwa wamesoma swali la bangoni kuhusu umri wao, na wana haki ya kujibiwa. Nilimweleza kiongozi hivyo tulipokuwa tukila samaki Mbita. Alinisikiliza kwa makini, akaandika majina ya shule zote mbili, na akasema wamekuwa wakifikiria kuongeza Ng'iya. Wasifikirie zaidi, waongeze.

Kijitabu wanachogawa mwanzoni kina picha nzuri lakini maandishi yake ni madogo mno, na hakina ramani. Ramani moja ya ukurasa mzima ingewasaidia watoto kufuata safari.

Kurudi ni kwa njia ya Homa Bay, Kendu Bay, Katito na Ahero, na tulifika Kisumu saa mbili usiku. Wanaotoka Nakuru au Eldoret waje Ijumaa na walale Kisumu, kwa sababu ziara huanza Jumamosi mapema na hurudi Jumapili jioni. Mchukue mtoto aliye kidato cha pili au zaidi. Wadogo kuliko hapo watachoka Maseno. Bebeni kofia, kwa maana saa mbili za Kasawanga ni za juani, na beba pesa taslimu za samaki wa Mbita, ambao ni wabichi kutoka ziwani na huandaliwa kwa ugali na mboga za kienyeji. Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza kwanza kama gari la wiki hiyo litapita Yala na Ng'iya. Wakiulizwa na wengi, watapita.